UZI: Paul Okalik, kutoka selo mpaka Waziri Mkuu wa kwanza wa Nunavut, halafu akaachia uwaziri kisa duka la bia

Baharia wa Nchi Kavu

Wakuu heshima kwenu. Juzi humu watu walibishana kama kuna mwanasiasa anaweza kuachia uwaziri mwenyewe, bila kashfa, bila kutumbuliwa, bila kuugua ghafla. Nikasema nitamleta mmoja. Wengi hamjawahi kumsikia, ni wa Kanada kule juu kabisa kwenye barafu, anaitwa Paul Okalik. Uzi mrefu huu, nashusha kidogo kidogo maana nipo kazini na bosi anapita pita.

Kwanza eneo lenyewe. Nunavut ina kilomita za mraba kama milioni 2, yaani Tanzania mbili na chenji, ila sensa ya 2021 ilihesabu watu 36,858. Hao wote ukiwapeleka Uwanja wa Mkapa hawaujazi. Wamegawanyika kwenye miji na vijiji 25 na hakuna barabara hata moja inayotoka mji mmoja kwenda mwingine, ni ndege au pikipiki za theluji, na meli ile miezi michache ambayo bahari imeachia barafu. Mafuta ya mwaka mzima yanakuja na meli, saruji na meli, gari na meli, umeme wenyewe ni majenereta ya dizeli kila kijiji na lake. Ukisahau kuagiza kitu kizito kabla meli haijaondoka subiri mwakani, au lipia ndege bei ya kukutoa roho.

Wenyeji ni Wainuit. Okalik amezaliwa Pangnirtung 1964, kijiji kiko kwenye kisiwa cha Baffin, milima imesimama wima pande zote. Ni kitinda mimba wa familia ya watoto kumi. Na mjue miaka ile ndo serikali ilikuwa inawatoa watu kwenye kambi zao za uwindaji inawakusanya vijijini, watoto shule wanasomeshwa kwa Kiingereza, mbwa wa kuvuta sleji wengi wakapigwa risasi na polisi. Na majina ya Kiinuit wazungu yaliwashinda kuyaandika, basi wakawa wanawapa watu namba, imegongwa kwenye kisahani kidogo unavaa kwa kamba, wa mashariki namba zinaanza na E. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70 ndo wakamaliza kuwaandikisha majina ya ukoo.

Mama Salha

Hiyo ya kuvaa namba shingoni imenikumbusha kipande, kile kitambulisho cha mkoloni. Marehemu babu alikuwa anatusimulia Kenya ya mkoloni mwanaume hatembei bila kipande kwenye kopo lake shingoni. Kumbe Kanada nao walifanya, na tunaambiwa ni nchi ya wapole.

Baharia wa Nchi Kavu

Ndo hivyo mama, upole wao uliwafikia wengine baadaye sana.

Naendelea. Okalik akapelekwa sekondari Iqaluit, leo ndo makao makuu ya Nunavut, mji ambao kipindi hicho ulikuwa unaitwa Frobisher Bay. Huko mambo yakaharibika. Kaka yake alijiua, na yeye akaingia kwenye pombe akiwa bado mtoto, shule ikamshinda, akafungwa kwa kosa la kuvunja na kuingia. Hii sio siri wala umbea, mwenyewe aliisema wazi alipoingia siasa na wapiga kura walikuwa wanaijua. Akatoka akajifunza kuchomelea vyuma, akafanya kazi mgodini Nanisivik, mgodi wa zinki na risasi huko huko juu.

Kilichombadilisha ni kazi aliyopata kwenye shirika la Wainuit lililokuwa linadai ardhi. Wainuit walikuwa hawajawahi kusaini mkataba wowote wa kutoa ardhi yao, kwa hiyo kisheria walikuwa na hoja nzito, wakakaa mezani na serikali ya Kanada miaka na miaka. Kijana wa mgodini akaanza kusoma makaratasi ya sheria na kukaa vikao na mawakili wa serikali. Mkataba ukasainiwa Mei 1993. Wainuit wakapata umiliki wa ardhi kama kilomita za mraba 350,000, fedha zaidi ya dola bilioni 1.1 zilizolipwa kwa miaka 14, na ahadi kwamba litakatwa eneo jipya lenye serikali yake. Wao wakaachia madai yao kwenye ardhi iliyobaki. Kuna wanaosema walilaliwa. Mimi nasema kwa watu wachache namna ile ambao hawakurusha hata jiwe, walitoka na kitu.

Jamaa naye akaamua kwenda shule kiukweli. Digrii ya kwanza Carleton, halafu sheria Chuo Kikuu cha Ottawa akamaliza 1997. Mwanzoni mwa 1999 akaapishwa uwakili, Mwinuit wa kwanza wa Nunavut kuwa wakili. Februari 15 mwaka huo huo akachaguliwa mbunge wa Iqaluit West. Machi 5 akachaguliwa Waziri Mkuu. Aprili 1 Nunavut ikazaliwa rasmi. Ana miaka 34. Yaani mambo ambayo mtu anayatafuta maisha mazima yeye yalimwangukia ndani ya miezi miwili mitatu.

Dogo Janja 254

Eish. Mimi at 34 bado naomba mzae fare ya kwenda interview lol. Lakini buda hebu eleza, huyo alichaguliwa na chama gani? Si Kanada wako na Liberal na wale Conservative wa Harper?

Baharia wa Nchi Kavu

Hapo ndo patamu. Bunge la Nunavut HALINA VYAMA. Kila mbunge anagombea kama yeye. Wakishachaguliwa wote (1999 walikuwa 19, tangu 2013 ni 22) wanakaa kikao cha wazi, wanaotaka uwaziri mkuu wanatoa hotuba wanaulizwa maswali mbele ya watu, halafu kura ya siri. Mawaziri nao wanapigiwa kura na wabunge wenzao! Waziri Mkuu kazi yake ni kugawa wizara tu, hajachagua mtu. Na ukihesabu, mawaziri ni wachache kuliko wabunge wa kawaida, kwa hiyo serikali muda wote iko mikononi mwa bunge, wakikukasirikia hakuna chama cha kukubeba.

Ukumbi wenyewe wamekaa duara, viti vimevalishwa ngozi ya sili, siwa ya bunge imetengenezwa kwa pembe ya yule nyangumi wa pembe moja. Mtu anaongea Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, mwingine anajibu Kiingereza, wakalimani wako kwenye vibanda vyao.

1999 kila mtu alijua waziri mkuu atakuwa Jack Anawak. Huyu alikuwa mbunge kule Ottawa, halafu serikali ikampa kazi ya kuiandaa Nunavut kabla haijazinduliwa, kuajiri watu, kutafuta majengo. Kila kitu kilipita mezani kwake. Wabunge wakaenda kwenye kura ya siri wakamchagua kijana. Anawak akaingia barazani kama waziri tu. Mshikeni huyu Anawak, nitamrudia.

Kasuku Mzee

Bila vyama hata Uganda walijaribu enzi za Movement mpaka ile kura ya maoni ya 2005. Matokeo tunayajua. Mtu mmoja ndo akawa chama.

Baharia wa Nchi Kavu

Mkuu tofauti ni hapo kwenye nani anamchagua mkubwa. Uganda rais alikuwa na kura zake za nchi nzima, hakuna mbunge wa kumtingisha. Huku mkubwa amewekwa na wabunge wenzake wanaokaa naye duara moja na wakitaka wanamtoa. Udhaifu wake ni mwingine, hakuna ilani. Mwananchi anapiga kura hajui hata waziri mkuu atakuwa nani, ukichukia serikali nzima huna namna ya kuiadhibu zaidi ya kumtoa mbunge wako mmoja.

Sasa miaka 9 ya utawala wake, 1999 mpaka 2008. Sitaki kuimba sifa. Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa kusambaza ofisi za serikali, badala ya zote kukaa Iqaluit wakapeleka idara kwenye vijiji kumi vingine ili ajira zifike. Wazo zuri kwenye karatasi. Ukilifuata chini unakuta nyumba za wafanyakazi hazipo, mhasibu hapatikani, ofisi ina nafasi tupu mwaka mzima. Mkataba wa 1993 ulitaka Wainuit waajiriwe serikalini kwa uwiano wa idadi yao, na wao ni kama asilimia 85 ya wakazi. Ikawa inacheza chini ya nusu. 2006 jaji mstaafu Thomas Berger akaandika ripoti akasema wazi tatizo ni shule, watoto wa Kiinuit kama robo tu ndo wanamaliza sekondari, wanaanza na lugha yao wanabadilishiwa Kiingereza katikati wanabaki hawaziwezi zote mbili vizuri. Serikali ya Okalik 2008 ikapitisha sheria ya kulinda lugha ya Kiinuit pamoja na sheria mpya ya elimu. Utekelezaji sasa, mmh.

Kitu alichofanya ambacho mimi nilikipenda ni Februari 2003. Wakuu wa majimbo yote ya Kanada wameitwa Ottawa kusaini makubaliano ya fedha za afya. Fedha zinagawanywa kwa kichwa. Ukiwa na watu milioni 12 ni sawa, ukiwa na watu chini ya elfu 30 waliotapakaa kwenye eneo kubwa namna ile na kila mgonjwa mahututi lazima apande ndege, hela ya kichwa haitoshi hata mafuta ya hiyo ndege. Okalik na wenzake wawili wa kaskazini, wa Yukon na wa Northwest Territories, wakagoma kusaini, wakatoka. Wadogo watatu mbele ya waziri mkuu wa nchi na majimbo kumi. Haikuchukua muda wakaongezewa dola milioni 60.

Nesi wa Vanier

Nimejisajili leo ili nichangie tu, nilikuwa msomaji wa kimya kimya. Niko Ottawa, nafanya kazi hospitali. Hiyo ya ndege ni kweli kabisa. Watu wa Baffin wote wakiumwa ugonjwa mzito wanaletwa huku, masaa matatu angani, wana mpaka hosteli yao ya wagonjwa. Unamkuta bibi kizee hajui Kiingereza, kaletwa kwa ajili ya moyo au kansa, yuko mbali na watoto wake wiki kadhaa, chakula chetu kinamshinda anataka nyama ya karibuu, kulungu wa kule kaskazini, au samaki mbichi. Siku ndugu akiletea nyama kutoka nyumbani anachangamka mpaka unashangaa ndo yule yule. Na wakina mama wajawazito wa vijiji vingi lazima waondoke kwao wiki kadhaa kabla ya kujifungua, wakasubirie mahali penye hospitali. Kwa hiyo mtu akigombania bajeti ya afya ya kule mimi simbezi.

Baharia wa Nchi Kavu

Karibu sana dada, usirudi tena kwenye ukimya. 

Sasa turudi kwa Anawak. 2003 hiyo hiyo baraza la mawaziri likaamua ajira za kitengo cha mafuta zihamishwe kutoka Rankin Inlet kwenda Baker Lake. Anawak ni mtu wa Rankin Inlet. Akapinga hadharani wakati yeye ni waziri. Okalik akamvua wizara, bunge likamtoa barazani. Kanuni ni kwamba ukikaa kwenye baraza unabeba maamuzi ya baraza, kama huwezi toka. Iwekeni pembeni hiyo.

2004 akachaguliwa tena, akamshinda mkongwe Tagak Curley. Kipindi cha pili kilianza kuchakaa. 2007 alimtolea neno chafu mwanamke mmoja kiongozi kwenye hafla, likavuja, akaomba radhi. Iliwaumiza wengi na mimi siitetei, mtu wa nafasi ile hana cha kusingizia. Novemba 2008 baada ya uchaguzi wakakaa tena duara kuchagua, Okalik, Curley na Eva Aariak, mwanamke pekee aliyekuwa ameshinda ubunge kwenye uchaguzi ule. Wabunge wakamchagua Aariak. Okalik akarudi kiti cha nyuma.

Watu wengi wa ngazi ile wakishushwa wanaenda kufungua kampuni ya ushauri. Yeye kabaki mbunge, akawa spika, halafu 2011 akajiuzulu akagombea ubunge wa Kanada kwa tiketi ya Liberal. Akapigwa vibaya na Leona Aglukkaq wa Conservative. Na huyo Leona alikuwa nani? Waziri wake wa zamani! Alikuwa kwenye baraza lake la Nunavut, akaondoka 2008 akawa Mwinuit wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la Kanada. Siasa za mji mdogo hizo, unayempa wizara leo kesho anakunyang'anya kiti.

Dogo Janja 254

Hapo sasa kwa duka ya bia. Umetuzungusha sana mzee.

Baharia wa Nchi Kavu

Nakuja. Lazima ujue pombe kule inaendaje. Kila kijiji kinapiga kura chenyewe, vingine marufuku kabisa, Pangnirtung alikozaliwa ni kimojawapo, vingine kuna kamati inakagua nani aagize kiasi gani, vingine ruksa. Iqaluit kulikuwa na baa ila duka la kununua ubebe nyumbani halikuwepo miaka mingi, unaagiza iletwe kwa ndege. Matokeo yake magendo. Na mfanya magendo habebi bia, anabeba vodka kwa sababu chupa moja ndogo inaficha pombe nyingi, kwenye vijiji vya marufuku inauzwa dola mia kadhaa. Basi watu wanakunywa kali, wanakunywa haraka kabla haijakamatwa. Tume ya serikali ikasema 2012, tufungue duka la bia na mvinyo watu wahame kwenye kali. Aprili 2015 Iqaluit wakapiga kura, wengi sana wakasema ndiyo.

Okalik alikuwa amerudi bungeni 2013 kwa jimbo la Iqaluit-Sinaa na ni waziri kwenye serikali ya Peter Taptuna. Msimamo wake ulikuwa rahisi, kwamba Nunavut nzima haina kituo hata kimoja cha kulaza na kutibu walevi, anayetaka kuacha anapandishwa ndege kwenda kusini kwa watu asiowajua lugha asiyoijua, leo serikali inataka kufungua duka kabla ya kituo. Machi 2016 baraza likaendelea na mpango. Akaachia uwaziri. Hakungoja kuvuliwa kama Anawak, kanuni aliyomfungia mwenzake 2003 kajifungia mwenyewe. Kwangu hiyo inazidi ile miaka 9.

Duka lilifunguliwa Septemba 2017. Hakulizuia.

Kasuku Mzee

Sasa mimi nakuuliza mleta uzi na usinikwepe. Miaka TISA alikuwa waziri mkuu. Mlevi mstaafu, mtu aliyefiwa na kaka kwa kujiua, anajua kila kitu. Kwa nini hakujenga hicho kituo yeye? Anakuja kukumbuka 2016 akiwa waziri wa kawaida? Mimi naona kaachia jambo rahisi. Kuachia uwaziri ni rahisi kuliko kujenga.

Mama Salha

Hilo swali hata mimi lilikuwa kooni.

Baharia wa Nchi Kavu

Swali la haki. Sehemu ya jibu ni hela. Serikali ya Nunavut sehemu kubwa kabisa ya bajeti inatoka Ottawa, asilimia 90 hivi, na anaanza 1999 nyumba hazitoshi, kifua kikuu kipo, shule zimejaa. Hospitali mpya ya Iqaluit ndo ilimeza nguvu za afya kipindi chake. Lakini sitasema hela ndo jibu lote. Alipanga vipaumbele na kituo hakikuwa juu. Hilo linabaki kwenye faili lake. Ila Kasuku, ukisema kuachia ni rahisi nitajie wangapi unawajua wamefanya. Tena aliachia kwa jambo ambalo wapiga kura wa mji wake mwenyewe walikuwa wameshalikubali kwa kura. Hakukuwa na makofi pale.

Nesi wa Vanier

Niongeze kidogo. Kituo kilikuja kuanza kujengwa Iqaluit hii miaka ya karibuni, kinaitwa Aqqusariaq, kwa hela za serikali mbili pamoja na shirika la Wainuit. Tiba ilipangwa iwe kwa Kiinuktitut na mambo yao ya porini, sio kukaa tu kwenye viti vya plastiki. Na kuhusu duka, wagonjwa wangu wenyewe wamegawanyika. Kuna mama aliniambia afadhali bia kuliko vodka ya magendo, kuna mwingine hataki kusikia.

Kasuku Mzee

Sawa nimekuelewa. Bado namhesabia miaka tisa yake, ila hiyo ya kujifungia kanuni yake mwenyewe nampa.

Dogo Janja 254

Na sahii yuko wapi? Ako hai?

Baharia wa Nchi Kavu

Baada ya pale uchaguzi wa 2017 kiti cha Iqaluit-Sinaa kilienda kwa Elisapee Sheutiapik, aliyekuwa meya wa Iqaluit zamani. Okalik akaingia WWF Kanada kwenye masuala ya Aktiki, uhifadhi wa bahari na wanyama, mambo ya meli za migodi kupita kwenye njia za nyangumi.

Na kuna lingine nimelisahau kulipanga mahali pake. Ardhi ya Nunavut na madini yake, ukitoa ile ya Wainuit wenyewe, ilibaki chini ya Ottawa hata baada ya 1999. Mrabaha wa migodi kwenye ardhi hiyo unaenda Ottawa. Okalik alilipigia kelele miaka yote, Septemba 2008 wakasaini itifaki ya kuanza mazungumzo, miezi miwili hivi kabla hajapoteza kiti cha uwaziri mkuu. Mkataba wenyewe ukaja kusainiwa Januari 2024 na P.J. Akeeagok, waziri mkuu wa Nunavut wakati huo, na Trudeau wa Kanada pale Iqaluit, na makabidhiano yamepangwa Aprili 2027. Hesabuni wenyewe.

Mama Salha

Leona mlete basi na yeye. Huyo mwanamke aliyempiga bosi wake amenivutia kuliko huyu.

Baharia wa Nchi Kavu

Nitamleta mama, ana yake mazito. 2014 wapinzani wanauliza bungeni Ottawa kuhusu watu wa Rankin Inlet kuokota chakula jalalani, na yeye ndo mbunge wa huko, kamera ikamnasa anasoma gazeti. Nipeni wikiendi hii niuandae vizuri.